Umeme wa Mchana Ndio Wenye Soko

Mtu anayetaka kufanya biashara ya umeme mdogo katika milima ya Makete huanza na mto. Si ajabu. Kuanzia Ipelele hadi Bulongwa, na kutoka huko kuelekea Njombe na Makambako, nchi imeinuka, mvua ni nyingi, na maji yanashuka kwa kasi pande mbalimbali: vijito vingine vinateremkia Usangu na kuingia Ruaha Mkuu, vingine vinakwenda Ziwa Nyasa. Serikali iliyaona maji haya siku nyingi. Miradi mikubwa iliyopangwa ya Ruhudji, megawati 358, na Rumakali, megawati 222, yote imo katika mkoa huu wa Njombe. Kwa hiyo mwenye mtaji mdogo anapouona mto ukianguka mita 50 nyuma ya kijiji chake, moyo unamwambia kwamba fedha inapita bure. Mimi nasema macho yake yametazama mahali pasipo penyewe. Angetazama kwanza mashine za kusaga, misumeno ya mbao na majokofu ya maziwa, ahesabu yanafanya kazi saa ngapi mchana, ndipo aende mtoni. Biashara ya umeme hufa au huishi kwa umeme unaotumika jua likiwa juu, na siku mwenye mali atakapotaka kuiuza, mnunuzi atalipia umeme huo tu.

Tupige hesabu, maana jambo hili halieleweki kwa maneno matupu. Maji ya lita 100 kwa sekunde yakianguka mita 50 yana nguvu ya takriban kilowati 49. Bomba hula kidogo, gurudumu hula kidogo, jenereta nayo hula sehemu yake, kwa hiyo katika mtambo mdogo wa kawaida mwenye mali atabaki na kilowati 30 hivi. Mtambo huo ukizunguka mwaka mzima usiku na mchana unaweza kutoa uniti 262,800. Sasa uunganishe nyumba 200, kila moja ikiwa na taa kadhaa, redio, televisheni na chaji ya simu, itumie uniti 15 kwa mwezi. Nyumba zote 200 zitatumia uniti 36,000 kwa mwaka. Hiyo ni sehemu moja ya saba tu ya uwezo wa mtambo. Sita zilizobaki zinarudi mtoni. Wala nyumba hizo hazitumii umeme kwa kupeana zamu: zote huwasha saa moja jioni, mtambo ukahema kwa saa tatu au nne, kisha watu wakalala na maji yakaendelea kumwagika. Mwenye mali amenunua bomba, nguzo na waya vya kubeba mzigo wa saa nne, naye anadaiwa mkopo wa saa 24.

Kwa upande wa pili iweke mashine moja ya kusaga. Mota ya nguvu za farasi 15 hula kilowati 11 hivi. Ikisaga saa tano kwa siku, siku 25 kwa mwezi, inatumia uniti 1,375, yaani sawa na nyumba 91. Mteja mmoja, mita moja, nguzo mbili au tatu, mtu mmoja wa kumdai akichelewa kulipa. Bila yeye ungejenga laini ya kuzunguka mabonde ili kuzifikia nyumba 91 zilizotawanyika kama zilivyo nyumba za huku Makete, nchi ya Wakinga. Zaidi ya hapo, mwenye mashine hasagi saa moja jioni. Anasaga asubuhi na alasiri, wakati ule ule ambao maji yangepita bila kazi. Umeme anaotumia umekwisha kugharimiwa, kwa hiyo kila shilingi anayolipa ni karibu faida tupu.

Kuna sababu nyingine inayomfanya mteja wa mchana awe mteja wa thamani. Mtu wa taa hulinganisha bei yako na tochi ya jua aliyonunua mnadani, na kwa kweli tochi ile ni rahisi. Mwenye mashine ya kusaga hulinganisha na dizeli. Lita moja ya dizeli katika injini ndogo hutoa uniti tatu tu, mara nyingi hata hazitimii, na lita hiyo lazima ipande mlima kutoka mjini, pamoja na nauli ya gari, oili na spea. Ndivyo ilivyo pia kwa wale wenye mashine za kupasulia mbao, zile ambazo watu wa misitu ya Njombe na Mufindi huziita dingdong, zinazonguruma kutwa katika mashamba ya misindano. Hawa wanajua bei ya nishati mpaka senti ya mwisho. Ukimpa mtu wa namna hiyo umeme wa bei ya chini kuliko dizeli yake, huhitaji kumbembeleza.

Ushahidi wa hoja hii hautoki mbali. Matembwe, wilaya ya Njombe, shirika la CEFA la Bologna, Italia, lilisaidia kuanzisha mtambo wa maji wa kilowati 120 katika miaka ya 1980. Wangeweza kuishia kwenye taa za kijiji. Lakini palianzishwa kampuni, Matembwe Village Company, na kampuni hiyo ikawa na kazi zake yenyewe: kutotolesha vifaranga, kutengeneza chakula cha kuku, kupasua mbao. Mashine ya kutotolesha ni mteja wa ajabu. Haina mchana wala usiku. Mayai yanataka joto lile lile kwa siku 21, umeme ukikatika kwa muda mrefu vifaranga vinafia ndani ya ganda, kwa hiyo fundi wa mtambo na msimamizi wa kuku wanakuwa na sababu moja ya kutolala. Baadaye mtambo wa pili ulijengwa Ikondo, ukaanza na kilowati 83 kisha ukapanuliwa, na umeme unaozidi ukapata njia ya kuuzwa kwa TANESCO, shirika la umeme la taifa. Tazama mpangilio huo: kwanza kazi, halafu umeme wa kazi, halafu nyumba, mwishoni gridi. Kampuni hiyo imeishi miongo kadhaa wakati mitambo mingi ya msaada nchini imebaki chuma chenye kutu kando ya mto.

Mfano wa misheni nao unafundisha jambo lile lile, ingawa wamisionari hawakuuita biashara. Hospitali ya Ikonda, huko huko Makete, ilijengewa mtambo wa kilowati 40; Bulongwa ulijengwa wa kilowati 180. Hakuna aliyeanza kwa kuuliza mto una nguvu gani. Waliuliza hospitali inahitaji nini: kuchemsha vifaa, kupiga picha za eksirei, kufua mashuka, kuendesha karakana ya useremala. Mto ukafuata. Njombe mjini, kampuni ya miwati ya TANWAT ilijenga mwaka 1995 mtambo wa megawati 2.5 unaochoma mabaki ya mbao na magome, ikatumia umeme huo kiwandani mwake na kuuza ziada TANESCO. Na ng'ambo ya mpaka wa mkoa, Mufindi, mtambo wa maji wa Mwenga wa megawati 4 ulioanza kazi mwaka 2012 uliegemea tangu mwanzo kwenye wateja wa aina tatu: kampuni ya chai, TANESCO, na vijiji vya jirani. Kiwanda cha chai huendesha feni za kunyausha majani mchana na usiku msimu wa mavuno. Mteja kama huyo ndiye anayemwezesha mwenye mtambo kwenda benki na kusikilizwa, kisha mwanakijiji wa uniti 15 naye akapata umeme kwenye mgongo wa laini ile ile.

Hapo ndipo suala la kuuza linapoingia, na nataka nilikalie kidogo kwa sababu kwetu huwa tunalionea haya. Mtu akiuza biashara yake, majirani husema imemshinda. Lakini mtambo wa maji ukitunzwa huishi miaka 40 na zaidi, na aliyeujenga akiwa na miaka 45 hatauendesha mpaka mwisho. Shirika la msaada hurudi kwao. Padri huhamishwa. Watoto wa mwenye mali wako Dar es Salaam na hawataki kusikia habari ya kuzibua takataka kwenye banio saa tisa usiku wakati wa masika. Mali hiyo itapita mikononi mwa mtu mwingine. Swali ni kama itapita kwa bei au kwa kuachwa. Wakinga, ambao maduka yao yamejaa Makambako, Mbeya mpaka Kariakoo, wanalijua jambo hili kuliko wahandisi. Duka likiuzwa, kuna bei ya bidhaa zilizomo, halafu kuna kilemba, ile fedha inayolipwa kwa ajili ya wateja waliokwisha kuzoea kuingia mlango ule. Mtambo wa umeme nao una kilemba chake. Chuma kina bei ya chuma, tena chuma kilichotumika, kilichochimbiwa bondeni ambako hakuna atakayekubali kukingʼoa. Kilemba ni mikataba ya wenye mashine, daftari la miaka mitano linaloonyesha nani alilipa na nani hakulipa, na jedwali la maji ya mto kwa kila mwezi. Mtambo wa kilowati 30 wenye nyumba 200 na daftari la kuandika kwa penseli hauuziki. Mtambo ule ule ukiwa na mashine nne za kusaga, karakana mbili za mbao na kituo cha kupozea maziwa, wakipokezana saa na wote wakilipa kwa mita, una mnunuzi.

Msomaji mwangalifu ameshaandaa pingamizi lake: TANESCO je? Ni pingamizi zito kuliko yote, na miaka hii limekuwa zito zaidi. Mwaka 2018 ilikamilika laini ya kilovoti 220 kutoka Makambako hadi Songea, na maeneo yaliyokuwa yakitegemea majenereta ya dizeli yakaingia kwenye gridi ya taifa. Serikali imepeleka nguzo katika vijiji 12,318 vya Tanzania Bara na sasa inahangaikia vitongoji, ambavyo ni zaidi ya 64,000. Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115, lilianza kuzalisha mwaka 2024. Mwanakijiji anaunganishwa na TANESCO kwa shilingi 27,000 na, kama matumizi yake ni madogo, analipa shilingi 100 kwa uniti. Nani atashindana na hilo?

Kwenye taa za nyumbani, hakuna. Na mwaka 2020 ilidhihirika kwamba hata pale gridi isipofika ushindani huo unaweza kuletwa kwa amri, pale Wizara ya Nishati ilipoagiza wauzaji wa umeme wa mitambo midogo ya vijijini washushe bei hadi hiyo hiyo shilingi 100. Kampuni zilizokuwa zikiishi kwa kuuza uniti chache za taa kwa bei kubwa zilitikiswa. Rudi kwenye mtambo wetu: uniti 36,000 kwa shilingi 100 ni shilingi milioni 3.6 kwa mwaka, yaani 300,000 kwa mwezi, fedha ya mlinzi mmoja na betri za tochi yake. Lakini pingamizi hili, ukilitazama vizuri, linavunja biashara ya usiku, na hiyo ndiyo niliyoikataa tangu mwanzo. Bei ya shilingi 100 imewekwa kwa mtumiaji mdogo asiyezidi uniti 75 kwa mwezi. Mwenye mashine ya kusaga hayumo humo. Akiunganishwa na TANESCO atalipa bei ya biashara, ambayo kwa tangazo la mwaka 2016 ilikuwa shilingi 292 kabla ya kodi, na bei ya namna hiyo mtambo wa maji ulio jirani unaweza kuifikia. Zaidi ya bei kuna suala la nguvu ya umeme wenyewe. Kitongoji kilicho mwisho wa laini ndefu, kilometa nyingi kutoka kituo cha kupozea umeme, hupata umeme hafifu, na mota ya nguvu za farasi 15 inapowashwa taa za kijiji kizima hufifia. Mtambo ulio pale pale mwisho wa laini ndio unaoinua umeme huo. TANESCO yenyewe inafaidika.

Ndiyo maana sheria haikumwacha mzalishaji mdogo njiani. Tangu 2009, chini ya Sheria ya Umeme ya 2008, EWURA, mdhibiti wa nishati nchini, imekuwa na mikataba ya mfano na bei zilizotangazwa kwa wazalishaji wasiozidi megawati 10. Mwaka 2012 aliyeuza kwenye gridi kuu alilipwa shilingi 152.54 kwa uniti, na aliyeuza kwenye gridi ndogo, ambako umeme wake uliokoa dizeli, alilipwa shilingi 480.50. Tofauti hiyo ya zaidi ya mara tatu inafundisha kuliko hotuba. Mtambo ule ule, mto ule ule, thamani yake ilitegemea umeme wake unachukua nafasi ya nini. Na siku laini kubwa inapofika, thamani ya dizeli inatoweka. Mwaka 2015 bei zilipangwa upya kwa kufuata ukubwa wa mtambo, na kanuni zikaeleza mwenye gridi ndogo afanye nini TANESCO ikimfikia: anaweza kuiuzia umeme wake, anaweza kuununua kwake kwa jumla na kuendelea kuusambaza, au anaweza kuachia laini zake kwa fidia. Hapa fundi wa bei nafuu anaweza kumponza mwenye mali. Nguzo za miti isiyotiwa dawa, waya mwembamba, mita zisizotambulika, hivyo vyote wakaguzi watavikataa, na mjenzi atafidiwa kuni. Laini iliyojengwa kwa viwango vya TANESCO tangu siku ya kwanza ni ghali zaidi, lakini hiyo ndiyo inayoweza kubadili mikono.

Wapo watakaosema kwamba nazungumza kana kwamba umeme ni lumbesa ya viazi, kumbe ni huduma. Kwamba kumtanguliza mwenye mashine ni kumweka bibi kizee wa taa mbili nyuma ya foleni. Nawaheshimu wenye hoja hii. Lakini naona wamegeuza mambo. Ludewa, katika kata ya Mawengi, mtambo wa kilowati 300 uliojengwa kwa msaada wa shirika la ACRA la Italia uliwekwa mikononi mwa jumuiya ya watumiaji, LUMAMA. Hata jumuiya isiyotafuta faida inapaswa kumlipa fundi, kununua beringi na kuweka akiba ya siku jenereta itakapoungua. Fedha hiyo itatoka kwa nani? Ikitoka kwa bibi wa taa mbili, bei itamshinda. Ikitoka kwa wanaosaga na kuranda mchana, taa za bibi zinawaka kwa nafuu. Wateja wa mchana ndio wanaombeba yeye, na huduma inayosimama miezi minane kwa kukosa beringi haijamhudumia mtu.

Pingamizi la jua nalo linastahili jibu, ingawa fupi. Sola imeshuka bei sana, na kwa nyumba iliyo pekee mlimani sina sababu ya kuipinga. Ila biashara ya kukopesha sola za nyumbani imeonyesha udhaifu ule ule wa kutegemea taa. Mobisol ya Berlin, iliyokuwa na wateja wengi Tanzania, ilifilisika mwaka 2019, ikanunuliwa na ENGIE ya Ufaransa. Katika mauzo kama hayo kinachonunuliwa ni orodha ya wateja wanaoendelea kulipa. Paneli zenyewe ziko juu ya mabati ya watu. Nako Makete, ukungu wa kipupwe unapokaa tangu alfajiri hadi adhuhuri, kuendesha mota kubwa kwa jua kunadai betri za gharama ambayo maji hayadai.

Kuna makaratasi, na mengi hukawia kuliko ujenzi. Mkoa wa Njombe umekaa juu ya kigongo kinachogawa maji, kwa hiyo kibali cha kutumia maji chini ya sheria ya maji ya 2009 kitatoka ofisi ya Bonde la Rufiji, Iringa, au ya Bonde la Ziwa Nyasa, Tukuyu, kutegemea mto unashukia upande gani. Chini ya megawati moja hutahitaji leseni kamili ya uzalishaji, ila utajiandikisha EWURA. Ardhi ya banio na njia ya bomba mara nyingi ni ardhi ya kijiji, chini ya sheria ya ardhi ya vijiji Na. 5 ya 1999, na mkutano mkuu wa kijiji lazima uridhie kwa muhtasari ulioandikwa. Wengi hutosheka na neno la mwenyekiti. Mwenyekiti hubadilika, mnunuzi anakuja na mwanasheria, muhtasari haupo, na mauzo yanavunjika hapo hapo. Ubia na kijiji, hisa zikiwa zimeandikishwa kwa BRELA, wakala wa usajili wa kampuni, ni kinga bora kuliko ukarimu wa mtu mmoja.

Kwa hiyo wewe uliye Ipelele au kata ya jirani na unao mto unaoufikiria, usiite mkandarasi bado. Pita kwanza kwa wenye mashine, wenye misumeno na wafugaji wa ng'ombe wa maziwa walio ndani ya kilometa tano, uandike kila mmoja anachoma lita ngapi za dizeli kwa mwezi. Kisha ngoja Oktoba iishe, kabla mvua haijaanza, uende mtoni na kamba, fimbo na chupa ya plastiki. Pima mita kumi za mto ulionyooka, pima upana na kina, iachie chupa ielee huku ukihesabu sekunde kwa simu. Rudia mara tano. Maji utakayoyakuta siku hiyo ndiyo maji uliyo nayo ya kuuza. Yale ya Machi usiyaweke kwenye mkataba.